Kasia, Ngoma na Mbio: Jasho Lipi Hutuliza Moyo?

Fanya mazoezi, mawazo yatapungua. Ushauri huu husikika redioni, kwenye vituo vya afya na katika semina za mashirika kote Kivu ya Kaskazini, na una ukweli mkubwa ndani yake. Lakini ukifika Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, unakutana na watu ambao miili yao haijui kupumzika. Mvuvi huingia ziwani jioni, hutega nyavu, na alfajiri huzivuta zikiwa zimelowa na nzito. Mwanamke humpokea ufukweni na kisu mkononi, maana kazi yake ndiyo inaanza: kupasua samaki, kutia chumvi, kuanika, kubanika, kubeba beseni kichwani. Kijana asiye na mtumbwi hubeba mizigo ya wenye mitumbwi. Kama jasho peke yake lingetosha kufukuza wasiwasi, Vitshumbi ingekuwa imetulia kuliko miji yote ya jimbo. Haiko hivyo. Watu hao hao wanaotoka jasho tangu usiku hadi mchana hulala na moyo unaopiga mbio, huamka na kichwa kizito, na wakiulizwa hali hujibu kwamba wana mawazo mengi.

Sababu za mawazo hayo zinajulikana. Vitshumbi imekaa ukingo wa kusini wa Ziwa Edward, katika eneo la Rutshuru, zaidi ya kilomita mia moja kaskazini mwa Goma. Iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na ni mojawapo ya vijiji vitatu vinavyoruhusiwa kuvua upande wa Kongo, pamoja na Nyakakoma na Kyavinyonge. Kwa kuwa ni ndani ya hifadhi, mkaaji haruhusiwi kulima wala kukata kuni porini; maisha yote yanaegemea samaki. Ziwa lenyewe, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 2,300, limegawanywa na mpaka wa Uganda usioonekana majini, na mvuvi akiuvuka bila kujua anaweza kukamatwa na askari wa doria wa upande wa pili. Kwa miaka mingi makundi yenye silaha yamewatoza wavuvi ushuru. Machi 2024 vita vya waasi wa M23 vilifika hadi hapo. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba katika nchi zenye vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Vitshumbi ni mahali ambapo hesabu hiyo haimshangazi mtu.

Swali langu, basi, ni hili: jasho lipi hutuliza moyo, na lipi huuchosha tu? Kulijibu, nitalinganisha mila nne za kuutumia mwili, ambazo zote zimewahi kupita katika maisha ya watu wa Maziwa Makuu: kasia la mvuvi, ngoma ya uganga, zoezi la daktari, na mbio za serikali. Kila mila nitaiuliza maswali matatu. Nani anashika mdundo? Kwa saa ile, mwili ni wa nani? Na je, kuna mwisho unaojulikana, au mtu anaingia bila kujua atatoka lini?

Kasia na wimbo wake

Kwenye Ziwa Kivu, kusini mwa Goma, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo, hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wanapopiga kasia huimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na makasia huingia majini kwa pigo moja. Anayewasikia kutoka nchi kavu huona kama burudani, lakini wimbo ule ni sehemu ya kazi. Unagawa uzito sawasawa, unampa pumzi aliyechoka, na unamwambia kila mmoja gizani kwamba wenzake bado wapo.

Mwaka 2010, Emma Cohen, Robin Dunbar na wenzao walichapisha uchunguzi mdogo juu ya wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford. Wanaume wale walifanya zoezi kwa dakika 45 kwenye mashine za kupigia kasia, mara wakiwa peke yao, mara wakiwa pamoja wakifuata pigo moja. Kazi ya misuli ilikuwa ileile. Hata hivyo, walipopimwa baadaye, uwezo wao wa kustahimili maumivu ulikuwa umepanda zaidi walipokuwa wamepiga kasia pamoja. Walichofikia kwa vipimo vya maabara, wavuvi wa Kivu wamekiishi kwa vizazi: mwili unaofuata mdundo wa wenzake hupata nguvu ambayo mwili wa peke yake hauipati.

Kwa hiyo swali la kwanza, la mdundo, kasia linalijibu vizuri. Tatizo liko kwenye swali la pili na la tatu. Mvuvi hakuchagua kutoka usiku ule. Njaa ya nyumbani ndiyo iliyomtuma. Kila pigo la kasia linamsogeza karibu na chakula cha watoto, lakini pia karibu na mpaka, na kiboko, na mtu mwenye bunduki anayedai ushuru. Wala kazi haina mwisho. Wavu ukitoka mtupu, uchovu wa usiku wote unakuwa deni la kesho. Mwaka 2017 watafiti waliokusanya tafiti 98 kuhusu mwendo wa mwili na afya ya akili waliona tofauti iliyo wazi: mwendo wa saa za mapumziko uliambatana na nafuu ya akili, ilhali mwendo wa kazini uliambatana na hali mbaya zaidi. Tafiti za namna hiyo hazithibitishi kwamba kazi ndiyo iliyoleta ugonjwa, kwa sababu kazi nzito mara nyingi hufuatana na umaskini. Lakini zinatosha kutuonya tusimwambie mchukuzi wa Vitshumbi kwamba ameshapata mazoezi yake ya siku.

Ngoma ya mgonjwa

Kabla ya zahanati, watu wa ukanda huu walikuwa na taasisi kamili ya kumtibu mwenye moyo uliolemewa, na mwili ulikuwa katikati yake. John Janzen, mwanaanthropolojia wa Marekani, alizunguka mwaka 1982 na 1983 kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam, Swaziland na Cape Town, na mwaka 1992 akachapisha kitabu kinachoonyesha kwamba tiba za ngoma katika sehemu hizo zote zina ukoo mmoja. Mgonjwa haketi akitazama. Anaingizwa katikati ya mduara, anatoa shida yake kwa wimbo, na waliomzunguka wanaitikia kwa sauti, makofi na ngoma. Anacheza hadi jasho limtoke. Na aliyepona haachwi aende zake; taratibu anafundishwa, naye anakuwa miongoni mwa waganga wa wengine.

Ukoo huo una matawi mengi. Katika Maziwa Makuu, kutoka Bunyoro hadi Rwanda, Burundi na Bushi, kulikuwa na kubandwa, tiba ya kupandwa na mizimu. Nchini Rwanda waliojiunga na jamaa ya Ryangombe, mzimu mkuu wa kubandwa, walitoka kwa Wahutu, Watutsi na Watwa. Kwenye pwani ya Waswahili kulikuwa na ngoma za pepo za aina nyingi. Unguja hadi leo wapo wanaocheza kibuki, ngoma ya mizimu yenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, ambayo wengi wa wachezaji wake ni wanawake na chombo chake kimojawapo ni kodiani. Na Waafrika waliovuka bahari, wengi wao wakiwa watumwa, walipeleka mdundo wao Oman na nchi za Ghuba. Huko lewa bado huchezwa kwa mduara unaomzunguka mpiga zumari.

Tuiulize ngoma maswali yetu. Mdundo unashikwa na jamii, lakini unamfuata mgonjwa: wapigaji humtazama, huongeza kasi anapoihitaji, hupunguza anapochoka. Mwili, kwa usiku ule, ni wa mgonjwa na wa waliomzunguka. Bwana shamba, mtoza ushuru na mume mkali hawana amri juu yake. Na kuna mwisho unaojulikana. Kuna kuingia, kuna kilele, kuna kutulizwa, kuna chakula cha pamoja. Mtu anarudi nyumbani akijua kwamba jambo limefanyika.

Sisemi kwamba watu wa Vitshumbi warudi kwenye mizimu. Wengi wao ni Wakristo, wapo pia Waislamu, na imani zao zinastahili heshima. Ngoma ya uganga ilikuwa na gharama zake pia: malipo makubwa kwa mganga, woga wa kurogwa, na wakati mwingine mgonjwa kufungwa kwa mganga wake maisha yote. Lakini wakoloni na wamisionari walipoipiga vita, hawakuondoa mizimu tu. Waliondoa pia saa ambayo mwanamke aliyefiwa angeweza kutikisa mwili wake wote mbele ya majirani bila kuonekana mwenda wazimu. Saa hiyo haikupata mbadala kamili. Kwaya za kanisani zimejaribu kuijaza, na yeyote aliyeona kwaya ya Kongo ikiimba kwa miguu na mabega anajua kwamba zimefika mbali.

Zoezi la daktari

Mila ya tatu ni ya matabibu. Yenyewe si mali ya Ulaya peke yake. Katika karne ya 10, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa karibu na mji wa Balkh na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, ya kwanza juu ya afya ya miili na ya pili juu ya afya ya nafsi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili na nafsi vinashiriki maradhi: kimoja kikiumwa, cha pili hakisalimiki. Kwa hiyo hofu na huzuni zilistahili tiba yenye utaratibu, sawa na homa.

Madaktari wa siku hizi wameleta kitu kipya, nacho ni kipimo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwagawa wagonjwa 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wote wakiwa na sonona, yaani huzuni nzito ya kitabibu. Kundi moja lilipewa dawa, jingine lilifanya mazoezi ya mbio na kutembea kwa kasi, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha muhtasari wa majaribio 218 yenye washiriki 14,170. Kutembea, kukimbia polepole, yoga na kunyanyua vitu vizito vyote vilionekana kusaidia wenye sonona. Kucheza dansi kulionyesha nafuu kubwa sana, japo majaribio yake bado ni machache. Mdundo wa ngoma umeingia katika jarida la madaktari.

Juu ya wasiwasi, elimu ya mwili ina jambo moja ambalo kila mtu wa Kivu angefaidika kulijua. Mwenye hofu ya muda mrefu huanza kuiogopa hofu yenyewe. Moyo ukipiga kasi anadhani anakufa. Pumzi ikikatika anadhani hatari imefika. Anapokimbia kidogo kidogo, kwa hiari na mahali salama, moyo unapiga vilevile, pumzi inakuwa fupi vilevile, jasho linamtoka, na hakuna baya linalotokea. Dakika kumi baadaye vyote vimetulia. Akirudia wiki baada ya wiki, mwili unajifunza kwamba mapigo ya haraka si lazima yawe habari mbaya. Zamani wengi walidhani raha ya baada ya mbio inaletwa na endofini pekee, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwapa wakimbiaji dawa inayozuia kazi ya kemikali hizo, na wakimbiaji wakapata raha na kupungua kwa wasiwasi vilevile. Mwili una njia zaidi ya moja ya kujituliza.

Tukiiuliza mila hii maswali yetu, inajibu vyema juu ya mwisho: dakika 30, wiki 16, dakika 150 hadi 300 kwa wiki kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2020, likiongeza kwamba hata kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Inajibu vyema juu ya umiliki: mtu anachagua, na akitaka anaacha. Lakini juu ya mdundo mara nyingi iko kimya. Humweka mtu juu ya mashine, ukutani mbele yake, na kumwachia saa ya mkononi imwambie kama amefaulu. Tena sehemu kubwa ya majaribio yake yamefanywa katika nchi tajiri, kwa watu waliokula kabla ya kuja. Mtu asiye na uhakika wa mlo wa jioni hawezi kuambiwa aongeze kasi kwa sababu tu jedwali linasema hivyo.

Mbio za amri

Mila ya nne ni ya dola, na Kongo inaijua kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 Rais Mobutu, aliyevutiwa na aliyoyaona China na Korea Kaskazini, aliwataka wafanyakazi na wanafunzi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wacheze na kuimba kuisifu MPR, chama pekee cha nchi. Pamoja na ngoma hizo kulikuwa na Salongo, kazi za mikono za pamoja zilizolazimishwa. Kwa kutazama juu juu, kila kitu cha tiba kilikuwepo: mdundo wa pamoja, wimbo wa kuitikiana, mwili unaotoka jasho. Ila mdundo ulishikwa na chama, na mwili ulikuwa wa Rais. Ndiyo maana wazee wengi wa Kongo wakikumbuka ngoma zile hukumbuka kulazimishwa kwanza, hata kama nyimbo zenyewe zilikuwa tamu.

Si kila dola imetumia mwendo wa pamoja kwa namna hiyo. Tanzania iliujua mchakamchaka, mbio za asubuhi zenye nyimbo, shuleni na katika Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Wengi waliozipitia wanazikumbuka kwa furaha, kwa sababu ndani ya amri ile kulikuwa na ujana, urafiki na nyimbo walizozipenda. Rwanda ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara za Kigali kwa magari siku ya Jumapili, ili watu watembee, wakimbie na kupimwa afya. Katika nchi inayobeba kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, maelfu ya watu wakikimbia barabarani bila anayewafukuza ni jambo lenye uzito wake.

Ninachokiona katika mifano hii mitatu ni kwamba umbo la zoezi halitoshi kutuambia litamfanya nini mtu. Mduara uleule, wimbo uleule, unaweza kufungua kifua au kukibana. Kinachoamua ni nani aliyeuita na kama aliyeitwa anaweza kukataa.

Onyo la Gulu, somo la Goma

Hapo ndipo mashirika yanayopeleka michezo kwenye maeneo ya vita hukosea mara nyingi. Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilikuwa katikati ya vita vya waasi wa LRA kwa karibu miaka 20. Baada ya vita, watafiti waliifuatilia ligi ya kandanda iliyoandaliwa kwa watoto wa miaka 11 hadi 14, kwa nia njema ya kuwaletea amani na afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wavulana walioingizwa kwenye ligi walitoka na dalili zaidi za huzuni na wasiwasi kuliko wenzao wa kulinganishwa nao. Hawakuwa na nguvu zaidi mwilini pia.

Matokeo hayo yanauma, na kwa hiyo ni ya thamani. Mimi nayasoma hivi: ligi ina mshindi, maana yake ina walioshindwa, na mtoto aliyekulia vitani ameshashindwa mara nyingi kabla ya kufika uwanjani. Kandanda inapendwa Vitshumbi kama inavyopendwa kila mahali Kongo, na hakuna sababu ya kuwanyang'anya vijana mpira. Lakini mpira wenye jedwali, jezi na kombe haupaswi kuitwa tiba. Ubaki mchezo, na tiba itafutwe kwingine.

Goma ilitafuta kwingine. Mwaka huohuo wa 2014, UNICEF, ubalozi wa Brazil na shirika la AMADE walianzisha mafunzo ya kapoeira kwa watoto waliotolewa kwenye makundi yenye silaha. Kapoeira ilibuniwa Brazil na Waafrika watumwa, wengi wao wakitoka Angola na Kongo. Sheria ya Brazil ya mwaka 1890 iliifanya kosa la jinai, ikawa halali tena katika miaka ya 1930, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mduara wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wawili huingia katikati. Wengine huwazunguka wakiimba, wakipiga makofi, ngoma na upinde wenye waya. Mmoja anarusha mguu, mwingine anainama kuukwepa na kujibu. Hakuna magoli. Mchezo hukoma pale mwingine anapoomba nafasi, na aliyetoka hurudi kwenye duara kuwaimbia wenzake.

Ukiiweka kapoeira hiyo kando ya ngoma aliyoieleza Janzen, undugu wao unaonekana mara moja: mduara, wimbo wa kuitikiana, aliye katikati akibebwa na sauti za wengi. Ukiiweka kando ya zoezi la daktari, inatimiza masharti yake: moyo unapiga kasi, mwili unajifunza kwamba mguu unaokuja usoni unaweza kukwepwa, kisha utulivu unarudi. Kwa mtoto aliyefundishwa kuua, kumrushia mwenzake mguu na kutomgusa ni mafunzo makubwa. Kilichotoka ukanda wa Kongo ndani ya meli za watumwa kilirudi Kongo kikiwa na jina jingine, kikakuta kazi inakisubiri.

Bukavu nako, City of Joy, kituo kilichofunguliwa mwaka 2011 kwa wanawake walionusurika ukatili wa kijinsia, kiliweka dansi na mafunzo ya kujilinda katika ratiba yake sambamba na mazungumzo ya tiba. Hapo pana tahadhari ambayo kila kiongozi wa mazoezi aishike. Kwa mwanamke aliyeumizwa mwilini, mapigo ya haraka ya moyo na kuguswa bila kutarajia vinaweza kumrudisha kwenye saa ile mbaya. Aanze taratibu, macho wazi, karibu na mlango, pembeni ya mwanamke mwenzake anayemwamini, na awe huru kukaa chini wakati wowote bila kuulizwa.

Mduara wa Vitshumbi

Kutokana na ulinganisho huu naona njia inayoifaa Vitshumbi, nayo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji umakini juu ya mambo machache.

La kwanza ni saa na mahali. Mbio za alfajiri zinazowafaa watu wa mjini Goma haziwezi kuigwa hapa. Viboko hutoka ziwani usiku na kupita kijijini, na barabara ya kwenda Rwindi inapita katikati ya hifadhi, penye wanyama na mara nyingi watu wenye silaha. Zoezi lifanyike mchana, ndani ya kijiji, kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, mathalani saa tisa au saa kumi alasiri, wavuvi wakiwa wameamka na nyavu zimeshashonwa, kabla mitumbwi haijaingia majini.

La pili ni kutofautisha watu. Mvuvi na mchukuzi hawahitaji kuongezewa uzito; wanachohitaji ni kunyoosha mgongo na mabega, kuvuta pumzi ndefu, na kucheza kwa raha. Aliyekimbia vita, asiye na wavu wala shamba, anayekaa mchana kutwa akiwaza, huyo ndiye wa kutembea kwa kasi na kukimbia hadi jasho limtoke. Mwanamke wa samaki anahitaji kwanza mtu wa kumshikia mtoto na beseni kwa nusu saa. Bila hiyo, mwaliko kwake ni maneno matupu. Na asiyekula leo atembee tu pamoja na wenzake, asilazimishwe zaidi.

La tatu ni nani aongoze. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kiongozi atoke miongoni mwa waliopitia mawazo hayo hayo na kupata nafuu, ajue nyimbo za makasia na za kwaya, na atumie lugha ya nyumbani. Hilo ndilo fungu bora la urithi wa ngoma, na linaweza kuchukuliwa na Mkristo au Mwislamu bila kuvunja imani yake. Chama cha wavuvi, kwaya, akina mama wa soko na kituo cha afya wakikaa pamoja wanaweza kumpata mtu huyo kabla ya mwalimu yeyote kuletwa kutoka Goma.

La nne ni kujua mipaka. Anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, anayesikia sauti, anayefikiria kujiua, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Mduara umsindikize, usijifanye daktari wake. Na zoezi lolote halitamfanya askari wa doria amwachie mvuvi, wala halitarudisha wavu uliochukuliwa. Mtu asitumie elimu hii kuwaambia watu wa Vitshumbi kwamba shida yao ni kukosa mazoezi. Shida yao ni vita, na vita vina wahusika wanaopaswa kuvimaliza.

Hata hivyo, kungoja amani ndipo tuushughulikie moyo ni kuwaacha watu wazame wakiwa karibu na ufuko. Kasia limewapa watu wa ziwa mdundo, ngoma imewafundisha kumweka mgonjwa katikati, daktari ametupa kipimo na sababu, na kumbukumbu ya Salongo imetufundisha kwamba jasho la amri halitibu. Watu wa Vitshumbi hawana haja ya kufundishwa kutoka jasho. Wanastahili nusu saa ambayo jasho ni lao wenyewe: hawalipwi kwa ajili yake, hawatozwi, hawapangwi kwenye jedwali, na wanajua itaisha lini. Shirika litakalofika kesho na mipira na fulana liulize kwanza maswali yale matatu, na lisishushe mzigo wake hadi wenyeji wenyewe wamelijibu.